Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kinachobaki Michezo Mikubwa Ikishapita



Wazee wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni, na mtu akizisikia upesi upesi hudhani kwamba zapingana. Ya kwanza yasema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hakika hazipingani hata kidogo. Ya kwanza yatukumbusha kuwa mgeni huja na baraka zake. Siku ajapo ua hufagiwa, chungu kikubwa huinjikwa, na watoto wa mwenyeji hula wasichokila kila siku. Ya pili yatukumbusha kuwa karamu ina mwisho wake, na nyumba haiendeshwi kwa karamu bali kwa jembe.

Mwezi wa Agosti 2025 sisi watu wa Afrika Mashariki tulipata wageni wengi kwa pamoja. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa wenyeji wa mashindano ya mpira ya CHAN, yaani ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani. Mechi zilichezwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na hapa kwetu Unguja katika uwanja wa Amaan, ambako tuliziona Senegali, Nigeria, Kongo na Sudan. Mashindano yalifungwa Kasarani tarehe 30 Agosti, Moroko ilipoishinda Madagascar kwa mabao 3 kwa 2.

Siku zile, jioni moja baada ya darasa la alasiri, kijana mmoja wa chuoni kwangu aliniuliza: "Maalim, wageni wakishaondoka, uwanja utakuwa wetu?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, kwani niliona kwamba mtoto yule ameuliza jambo ambalo watu wazima wa miji mikubwa ya ulimwengu wamelisahau kuliuliza, wakaja kulijutia. Nilimwambia angoje nimtafutie jibu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na nimeona nisimpe yeye peke yake, kwa kuwa jambo hili latuhusu sote wenye nyumba na watoto.

ARUSI YA KUKOPA

Hakuna mtaa usiokuwa na khabari ya nyumba iliyofanya arusi kwa kukopa. Hema lilikuwa kubwa, taa zilikuwa nyingi, na watu walikula wakasaza. Asubuhi yake wenye hema walikuja kuchukua hema lao, wenye viti wakachukua viti vyao, na aliyebaki ni baba mwenye nyumba na daftari la madeni. Wageni walimsifu, lakini sifa haikulipa deni hata shilingi moja.

Basi mji unaoalika michezo mikubwa ya dunia hufanya arusi ya namna hiyo, ila yake ni kubwa zaidi. Wageni hukaa majuma mawili au matatu. Uwanja hukaa miaka khamsini, na deni lake nalo hukaa. Natutazame miji minne iliyokwisha kufanya arusi hiyo, tuone nani alipona na nani aliugua.

MONTREAL: DENI LA MIAKA THELATHINI

Montreal ni mji mkubwa wa jimbo la Quebec katika nchi ya Kanada. Mwaka 1970 mji huo ulichaguliwa kuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya 1976. Meya wake wakati huo alikuwa Jean Drapeau, mtu mwenye ari kubwa na maneno makubwa. Alisema mbele ya watu kwamba Olimpiki haiwezi kuleta hasara, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa mtoto. Makisio ya gharama yaliyotolewa mwaka 1973 yalikuwa dola milioni 310 za Kanada.

Akaitwa mchoraji wa majengo kutoka Ufaransa, Roger Taillibert, naye akachora uwanja wa ajabu wenye mnara ulioinama, wa urefu wa meta 165, ambao kazi yake ilikuwa kulishika paa la uwanja kwa kamba za chuma. Mchoro ulipendeza. Lakini kujenga ni jambo jingine. Bei za vitu zilipanda, mafundi waligoma, na baridi kali ya nchi ile ilizuia kazi. Mwishoni mwa mwaka 1975 serikali ya jimbo ililazimika kuinyang'anya halmashauri ya mji kazi ile na kuisimamia yenyewe. Michezo ilipofunguliwa tarehe 17 Julai 1976, mnara ulikuwa bado kigutu na uwanja hauna paa. Mnara na paa vilikuja kumalizika mwaka 1987, miaka kumi na moja baada ya wageni kwenda zao.

Gharama zilipita dola bilioni 1. Ili kulilipa deni, jimbo liliweka kodi maalumu juu ya tumbaku, na kila aliyenunua sigara alilipia uwanja, awe ameiona Michezo au hakuiona. Deni lilimalizika mwezi wa Novemba 2006. Fikiri, ewe msomaji: mtoto aliyezaliwa Montreal katika siku zile za sherehe alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini deni lilipokwisha.

Na huo haukuwa mwisho wa gharama. Mwaka 1991 boriti ya zege yenye uzito wa tani 55 ilianguka kutoka kwenye uwanja, na ni kwa rehema tu kwamba hakuumia mtu. Mwaka 1999 theluji ilipasua paa. Timu ya besiboli iliyokuwa ikiutumia uwanja ule tangu 1977 ilihama mji mwaka 2004. Mwaka 2024 serikali ya Quebec ikatangaza kwamba itaweka paa jipya kwa dola milioni 870, fedha zinazopita mara mbili yale makisio ya mwanzo ya Michezo yote.

Haki yapasa isemwe pia. Uwanja wa mbio za baiskeli uligeuzwa mwaka 1992 ukawa nyumba ya wanyama na mimea, nao wapendwa sana na watoto wa shule. Mabwawa ya kuogelea bado yatumiwa na raia. Kwa hiyo si kila kitu kilipotea. Lakini ukitazama vizuri utaona kwamba vilivyofaa ni vile ambavyo mtu wa kawaida huweza kuvitumia siku ya Jumatatu isiyo na sherehe. Kilichokuwa fahari ya wageni ndicho kilichokuwa mzigo kwa wenyeji.

Wazee wetu wana kumbukumbu nyingine juu ya Montreal. Mtanzania Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch aliweka rekodi ya dunia ya meta 1500 mbele ya John Walker wa New Zealand, hakukimbia katika Michezo ile. Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilijitoa, kwa kuwa timu ya ragi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na New Zealand ikaachwa ishiriki. Walker akachukua medali ya dhahabu. Hivyo mwenyeji aliyejipamba kwa gharama zile alikosa hata baadhi ya wageni aliokuwa akiwangojea. Nayo ni ibra: mwenye karamu hana amri juu ya kila atakayekuja.

LOS ANGELES: CHOMBO CHA ZAMANI

Khabari za deni la Montreal zilitisha ulimwengu. Ulipofika wakati wa kumchagua mwenyeji wa mwaka 1984, mji uliobaki katika maombi ulikuwa mmoja tu, Los Angeles wa Marekani. Mtu aliye peke yake katika soko huweza kutoa masharti, nao wakayatoa. Raia wa mji walikataa fedha za kodi zao zisitiwe hatarini. Kwa hiyo waandalizi hawakujenga uwanja mkuu mpya, bali walitumia ule uliokuwepo tangu mwaka 1923, ambao ulikwisha kutumiwa kwa Olimpiki ya 1932. Wanamichezo walilazwa katika mabweni ya vyuo vikuu. Gharama zikabebwa na fedha za televisheni, za makampuni ya biashara na za tikiti.

Ziada iliyopatikana ilikuwa zaidi ya dola milioni 200, na sehemu yake ikawekwa katika mfuko wa kuwasaidia vijana wa upande ule wa California katika michezo. Mfuko huo umeendelea kutoa misaada na kufundisha walimu wa michezo miaka mingi baada ya wageni kusahaulika. Huyu ni mwenye nyumba aliyepika katika vyungu vyake vya zamani, akavisugua vikang'ara, na kilichobaki akawawekea watoto.

BARCELONA: MJI ULIOGEUKIA BAHARI

Lakini mtu asije akadhani kwamba nasema kujenga ni kosa. Uko mji uliojenga sana, na ukapata faida: Barcelona wa Hispania, mwenyeji wa Olimpiki ya 1992.

Mji huo uko pwani, lakini zamani ulikuwa umeipa bahari mgongo. Kati ya watu na maji palikuwa na reli, viwanda vikuukuu na maghala. Mji ulipochaguliwa mwaka 1986, viongozi wake hawakuanza kwa kuuliza, "Mgeni atapenda nini?" Walianza kwa kuuliza, "Mji wetu umekosa nini kwa miaka yote hii?" Kisha wakaitumia tarehe ya Michezo kuwa sababu ya kuyafanya yaliyokuwa yakiahirishwa. Reli iliyoufunga ufuo iliondolewa njiani, viwanda vilivyokufa vikavunjwa, fukwe zikasafishwa na kufunguliwa kwa watu wote, mabomba ya maji machafu yakatengenezwa, na barabara kubwa za kuuzunguka mji zikajengwa. Uwanja mkuu ulikuwa ule wa mwaka 1929 juu ya kilima cha Montjuïc, ukatengenezwa upya. Katika fedha zote zilizotumika, zilizokwenda kwenye viwanja vya michezo zilikuwa chini ya sehemu moja katika kumi. Zilizobaki nyingi zilikwenda kwenye mji wenyewe.

Basi wageni walipoondoka, bibi wa Barcelona aliweza kumchukua mjukuu wake mpaka ufuoni kwa miguu. Hayo ndiyo mapato ya kweli, kwa sababu hayangojei mashindano mengine ili yapate kutumika.

Hata hivyo dawa nayo ina uchungu wake. Bei za nyumba zilipanda sana katika miaka ile ya matayarisho. Nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wanamichezo ziliuzwa baadaye kwa bei ya soko, na wengi wenye kipato kidogo hawakuziweza. Sifa ya mji ikavuta watalii mwaka hadi mwaka, hata mwezi wa Julai 2024 baadhi ya wenyeji waliandamana na kuwarushia watalii maji kwa bunduki za kuchezea, wakilalamika kuwa wanashindwa kupanga nyumba katika mji wao wenyewe. Mwenyeji aliyepona aweza kuugua tena ikiwa mgeni haondoki na kodi ya nyumba haishikiki. Sisi wa visiwani twalifahamu jambo hili bila ya kuelezwa sana.

NAIROBI: JIRANI YETU

Tusiende mbali zaidi. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 Agosti 1987 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika ya nne. Kwa msaada wa Uchina kulijengwa Kasarani uwanja wa watu 60,000, pamoja na bwawa la kuogelea na jumba la michezo ya ndani. Timu ya mpira ya Kenya ilifika fainali, ikafungwa na Misri bao 1 kwa 0.

Je, Kasarani imewafaa wenyeji? Jibu lina pande mbili. Kwa upande mmoja, uwanja haukufa. Mwaka 2017 ulipokea mbio za dunia za vijana walio chini ya miaka 18, na watoto wa Nairobi wakajaa viti vyake kwa furaha. Mwaka 2021 ulipokea zile za walio chini ya miaka 20. Marais waliapishwa hapo mwaka 2013, 2017 na 2022. Na fainali ya CHAN ya 2025, kama tulivyosema, ilichezwa hapo hapo. Uwanja uliokwisha kufikisha miaka 38 na bado wapokea wageni hauwezi kuitwa hasara.

Kwa upande wa pili, kujenga hakukuleta desturi ya kutunza. Kenya ilikuwa imepewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996, ikanyang'anywa, likachezwa Afrika Kusini. Ikapewa CHAN ya 2018, nayo ikaondolewa mwezi wa Septemba 2017 kwa sababu matayarisho yalichelewa, ikapelekwa Moroko. Tena jambo la ajabu ni hili: wakimbiaji walioipa Kenya jina duniani wengi wao hawakulelewa na viti 60,000 vya Kasarani. Walilelewa na njia za udongo mwekundu za Iten na vilima vya Bonde la Ufa. Uwanja mkubwa huonyesha bingwa aliyekwisha kukomaa. Anayemkuza ni njia ya kijijini, mwalimu wa shule na kiwanja kidogo kilicho karibu na kwao.

TOFAUTI IKO WAPI?

Tukiipima miji hii minne, twaona kwamba tofauti haikuwa katika utajiri. Kanada ilikuwa tajiri, na Montreal iliugua. Tofauti iko katika mambo matatu.

La kwanza ni nia. Aliyejenga kwa ajili ya siku za wageni tu alibaki na kitu kisicho na kazi. Aliyejenga kwa ajili ya siku zake za kawaida alibaki na kitu cha kumfaa, wageni waje wasije.

La pili ni tarehe. Michezo haiahirishwi kama kazi nyingine. Fundi akijua kwamba arusi ni Ijumaa na leo ni Jumatano, ataje bei gani asipewe? Ndiyo maana anayechelewa kuanza hulipa mara mbili, na katika haraka ile hesabu haziangaliwi vizuri.

La tatu ni matunzo. Nyasi zataka maji kila siku, taa zataka umeme, na paa lataka kukaguliwa. Mwenye kununua jahazi asiyeweka fungu la matanga na kamba hana jahazi, ana kuni.

NA SISI JE?

Nimeyaeleza haya kwa kuwa zamu ni yetu. Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Mpira la Afrika lilitangaza kwamba Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kwa ajili hiyo vilianzwa viwanja vipya: wa Talanta huko Nairobi, wa watu 60,000, wa Arusha, wa watu 30,000, na wa Hoima huko Uganda, wa watu 20,000. Amaan yetu, iliyojengwa kwa msaada wa Uchina na kufunguliwa mwaka 1970, ilitengenezwa upya ikafunguliwa tena mwisho wa mwaka 2023, ikiwa na nafasi za watu 15,000.

Sina nia ya kuwavunja watu moyo. Uwanja wa Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007, watufundisha kwamba uwanja mkubwa waweza kuwa na kazi mwaka mzima, maana Simba na Yanga huujaza bila ya kungoja mgeni kutoka nje. Penye timu zenye wapenzi wengi, uwanja huishi. Lakini mji mdogo usiokuwa na timu ya kuwavuta watu maelfu, hata uwe na viti vizuri namna gani, yapasa ujiulize mapema viti hivyo vitakaliwa na nani Jumamosi ya kawaida.

Kwa hiyo nawaomba akina baba na akina mama, na nyinyi vijana khasa, mjifunze kuuliza. Kuuliza si uadui. Mali ya umma ni amana, na mwenye amana huuliza khabari zake. Muulizeni sheha wenu, diwani wenu na mwakilishi wenu mambo haya. Shule za karibu zitaruhusiwa kuutumia uwanja, na kwa siku zipi? Fungu la matunzo latoka wapi kila mwaka? Ikiwa kuna mkopo, utalipwa na nani mpaka lini? Barabara, mabomba na taa zinazowekwa zapita mitaani kwa watu, au zaishia mlangoni mwa uwanja? Na wanaohamishwa ili kupisha ujenzi walipwa haki yao kabla ya kuhama, au huambiwa wangoje? Maswali haya yakiulizwa kabla ya hema kusimamishwa hugharimu maneno tu. Yakiulizwa baada ya hema kuondolewa hugharimu miaka thelathini.

Vijana nao wasikae wakingoja kutazama tu. Anayejifunza uamuzi wa mpira, huduma ya kwanza kwa walioumia, lugha za wageni, ufundi wa umeme au utunzaji wa nyasi, huyo amejijengea kitu kisichopasuka paa, na wageni wakiondoka hubaki nacho.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa chuoni. Kiwanja wanachochezea yeye na wenzake kiko nyuma ya msikiti. Masika yakija hugeuka dimbwi, na magoli yake ni mawe mawili. Nilimwita baada ya darasa nikamwambia: "Mwanangu, uliniuliza kama uwanja utakuwa wetu. Jawabu langu ni hili. Usiutazame uwanja mkubwa peke yake. Mwaka mmoja baada ya wageni kuondoka, njoo utazame kiwanja chenu hiki. Kikiwa kimepata mtaro wa maji na mwalimu wa kuwafundisha, basi jueni kwamba mgeni alikuja na mwenyeji akapona. Kikiwa bado ni dimbwi na mawe mawili, basi tulifanya karamu tu."

Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Maalim, mtaro si tunaweza kuuchimba wenyewe?"

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, walikuja kumi na wawili na majembe yao.

Wabillahi tawfiq.